James Naismith (1861-1939): Mwalimu wa Elimu ya Viungo na Kipimo cha Kazi Yake

1.0 Utangulizi

Jina la mchezo wa mpira wa kikapu katika Kiswahili ni tafsiri ya moja kwa moja ya jina lake la Kiingereza. Kama yalivyo majina mengi ya aina hiyo, limehifadhi jambo ambalo kitu chenyewe kimekwisha kulipoteza. Katika viwanja vya shule za Dar es Salaam, Nairobi au Kampala hakionekani kikapu chochote. Kinachoonekana ni duara la chuma, wavu usio na kitako na ubao nyuma yake. Kikapu halisi, kilichosukwa kwa ajili ya kubebea matunda, kilitumika mwanzoni tu, katika ukumbi wa mazoezi wa chuo kimoja cha Springfield, jimbo la Massachusetts nchini Marekani. Kilitundikwa humo mwezi Desemba 1891 kwa ajili ya somo la mwalimu mmoja kijana, James Naismith, ambaye wakati huo alikuwa akitafuta namna ya kulifundisha darasa lililowashinda wenzake.

Naismith anajulikana duniani kote kama mbunifu wa mchezo huo. Umaarufu huo, hata hivyo, umefunika kazi iliyochukua karibu miaka hamsini ya maisha yake, yaani kazi ya kufundisha elimu ya viungo na kuchunguza athari zake kwa mwili na tabia ya mwanadamu. Makala haya yanasimulia maisha yake kwa kuzingatia kazi hiyo. Hoja inayojengwa ni kwamba mpira wa kikapu ulizaliwa kama jibu la tatizo la ufundishaji, na kwamba kipimo ambacho Naismith alijiwekea katika kuitathmini kazi yake kilikuwa tofauti na kile ambacho dunia ya michezo ilikuja kukitumia. Aidha, makala yanaonyesha kwamba kipimo hicho chenyewe kilikuwa na upungufu ambao haupaswi kufichwa.

2.0 Utoto na Malezi

James Naismith alizaliwa tarehe 6 Novemba 1861 karibu na mji mdogo wa Almonte, katika eneo ambalo sasa ni jimbo la Ontario nchini Kanada. Wazazi wake, John Naismith na Margaret Young, walikuwa na asili ya Uskoti. Baba yake alikuwa seremala. Mwaka 1870 familia ilikuwa imehamia kwenye kisiwa cha Grand Calumet katika mto Ottawa, ambako baba alipata kazi katika kiwanda cha kupasua mbao. Mwaka huohuo homa ya matumbo iliwaua baba na mama, mmoja baada ya mwingine, katika muda wa wiki chache. James, dada yake Annie na mdogo wao Robert walichukuliwa na bibi yao mzaa mama. Naye alipofariki miaka miwili baadaye, watoto walibaki chini ya malezi ya mjomba wao, Peter Young, aliyekuwa mkulima na ambaye hakuwa ameoa.

Mjomba huyo aliwalea watoto hao kwa kazi. James alijifunza mapema kuendesha farasi, kukata kuni na kujitegemea katika baridi kali ya nchi ile. Wakati wa mapumziko alicheza na watoto wa kijiji mchezo wa kuangusha kwa mawe jiwe lililowekwa juu ya mwamba. Katika mchezo huo, aliyerusha kwa nguvu na kwa mstari ulionyooka alikuwa hatarini kunaswa kabla hajaliokota jiwe lake, kwa sababu jiwe lilikwenda mbali. Aliyerusha taratibu, jiwe likapanda na kushuka kwa upinde, alikuwa na nafasi nzuri zaidi ya kuliokota na kurudi salama. Somo hilo la utotoni lilikuja kumfaa baadaye kwa namna ambayo hakuna aliyeweza kuitazamia.

Akiwa na umri wa miaka kumi na mitano hivi aliacha shule, akafanya kazi shambani na katika kambi za wakata magogo. Baada ya miaka kadhaa alirudi shuleni akiwa mtu mzima kati ya vijana wadogo, akamaliza masomo ya sekondari huko Almonte na kuingia Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, mwaka 1883. Lengo lake lilikuwa kuwa mchungaji wa Kanisa la Kipresibiteri.

3.0 Montreal: Kati ya Mimbari na Uwanja

Mwanzoni pale McGill Naismith hakuwa na haja na michezo. Alikuwa msomaji wa usiku kucha, na inasimuliwa kwamba ni wanafunzi wenzake waliomshawishi kuingia katika ukumbi wa mazoezi kwa kuihofia afya yake. Mara alipoanza hakuacha tena. Alicheza raga na lakrosi, akapata tuzo kwa umahiri wake katika mazoezi ya viungo. Baada ya kupata shahada yake ya kwanza aliendelea na masomo ya theolojia katika Chuo cha Kipresibiteri mjini humo, na wakati huohuo akawa mwalimu wa mazoezi pale McGill. Mmoja wa waliofuata nyayo zake katika ukumbi huo alikuwa rafiki yake wa utotoni, R. Tait McKenzie, aliyezaliwa katika eneo lilelile la Almonte mwaka 1867 na ambaye baadaye alipata sifa kama tabibu, mwalimu wa elimu ya viungo na mchongaji wa sanamu.

Mchanganyiko huo wa theolojia na michezo uliwatia mashaka watu wengi. Katika jamii ya Kipresibiteri ya wakati ule, uwanja wa mpira ulihesabiwa kuwa mahali pa matusi, ulevi na ugomvi. Haikuelekea kwamba mtu anayejiandaa kuhubiri aonekane Jumapili mimbarini akiwa na jicho lililovimba kwa sababu ya mchezo wa Jumamosi. Dada yake Annie aliona kwamba ndugu yake anaipoteza njia, na uamuzi wa Naismith wa kuacha uchungaji ulimsikitisha kwa muda mrefu.

Tukio moja dogo linatajwa kuwa ndilo lililomwelekeza. Katika mchezo mmoja wa raga, mchezaji aliyekuwa karibu naye alikasirika, akatoa maneno machafu. Kisha alipogundua kwamba Naismith yuko hapo akamwomba radhi. Naismith hakuwa amewahi kumkemea mtu kwa lugha yake. Aliondoka uwanjani na swali ambalo halikumwacha tena: ikiwa kuwapo tu kwa mtu mmoja anayejitawala kunaweza kubadili mwenendo wa wenzake katika joto la mchezo, je, uwanja hauwezi kuwa mahali pa malezi sawa na kanisa? Kwa lugha ya utafiti, hii ndiyo iliyokuwa nadharia tete ya maisha yake.

4.0 Springfield na Darasa Lililoshindikana

Mwaka 1890 Naismith alihamia Springfield, katika chuo cha kuwafunza watumishi wa YMCA, yaani chama cha vijana wa Kikristo. Idara ya elimu ya viungo chuoni hapo iliongozwa na Luther Halsey Gulick, aliyezaliwa mwaka 1865 na hivyo kuwa mdogo kuliko mwanafunzi wake huyo. Gulick alishikilia kwamba roho, akili na mwili ni pande tatu za mtu mmoja na kwamba elimu inayoacha upande mmoja ina kasoro. Pembetatu inayowakilisha fikra hiyo ikawa nembo ya chama.

Ili kuelewa tatizo lililomkabili Naismith ni lazima kuzingatia hali ya elimu ya viungo wakati ule. Mifumo mikubwa ilikuwa miwili. Mfumo wa Kijerumani, uliotokana na kazi ya Friedrich Ludwig Jahn, ulitegemea vifaa vizito kama vyuma vya kuning'inia. Mfumo wa Kiswidi, uliotokana na kazi ya Per Henrik Ling, ulitegemea mazoezi ya viungo yaliyopangwa kwa hatua na kufanywa kwa amri ya mwalimu. Pamoja na hayo, tabibu Edward Hitchcock huko Amherst tangu mwaka 1861, na Dudley Allen Sargent huko Harvard tangu mwaka 1879, walikuwa wamejenga desturi ya kupima miili ya wanafunzi na kulinganisha vipimo. Elimu ya viungo, kwa hiyo, ilikuwa na nidhamu na ilikuwa na takwimu. Kilichokosekana ni furaha. Majira ya joto vijana walicheza nje. Lakini baridi ilipoingia na kuwafungia ndani, walibaki na mazoezi ambayo watu wazima waliyaona kuwa ya kuchosha.

Mwishoni mwa mwaka 1891 darasa moja la wanafunzi 18 waliokuwa wakisomea uongozi wa matawi ya YMCA lilifikia hatua ya kuyakataa mazoezi hayo waziwazi. Walimu wawili walijaribu kulifundisha wakashindwa. Naismith, aliyekuwa ameanza kufundisha chuoni hapo, alikuwa amesema katika mjadala kwamba kosa si la wanafunzi bali ni la mazoezi wanayopewa. Gulick alimkabidhi darasa hilo na kumpa wiki mbili.

Majaribio yake ya mwanzo hayakufaulu. Alijaribu kuingiza ndani ya ukumbi michezo ya nje: futiboli ya Kimarekani, soka na lakrosi. Ukumbi ulikuwa mdogo, watu walikuwa wakubwa, na matokeo yakawa ni maumivu na uharibifu. Ilipokaribia siku ya mwisho aliacha kubadili mchezo mmoja mmoja, akaanza kuichambua michezo yote kwa pamoja ili aone kila sehemu inaleta athari gani. Hapo ndipo ubunifu wake unapodhihirika kuwa kazi ya uchambuzi.

Hoja zake zilifuatana kwa mantiki. Michezo inayopendwa inatumia mpira. Mpira mdogo unahitaji kifaa cha kuupigia. Kwa hiyo mpira uwe mkubwa na mwepesi, ushikwe kwa mikono. Ukali wa futiboli unatokana na kuangushana. Watu wanaangushana kwa sababu mwenye mpira anakimbia nao. Kwa hiyo mwenye mpira asiruhusiwe kukimbia nao. Lango lililosimama wima linamzawadia anayepiga kwa nguvu. Likilazwa na kuinuliwa juu ya vichwa vya wachezaji, nguvu haitafaa kitu, na mpira utalazimika kupanda na kushuka kwa upinde. Jiwe la utotoni lilikuwa limerudi.

Naismith alimwomba mtunzaji wa jengo masanduku mawili. Hayakupatikana, akaletewa vikapu viwili vya mapichi. Vilipigiliwa misumari kwenye ukingo wa roshani uliokuwa na kimo cha futi 10, na kimo hicho ndicho kinachotumika hadi leo. Kanuni 13 ziliandikwa, zikapigwa chapa na kubandikwa ukutani. Wanafunzi 18 waligawanywa tisa kwa tisa wakatumia mpira wa soka. Katika mchezo wa kwanza, ambao kwa kawaida huwekewa tarehe 21 Desemba 1891, lilifungwa goli moja tu, la William R. Chase. Kanuni zilichapishwa katika gazeti la chuo tarehe 15 Januari 1892. Mwanafunzi mmoja, Frank Mahan, alipendekeza mchezo uitwe kwa jina la mbunifu wake. Naismith alicheka na kukataa, ndipo jina la kikapu likakubaliwa.

Uchunguzi wa kanuni hizo unaonyesha uzito aliouweka katika mwenendo. Kusukuma, kushika, kupiga teke na kupiga kikumbo vilikatazwa. Aliyerudia kosa alitolewa hadi goli lifuatalo lifungwe, na aliyekusudia kumwumiza mwenzake alitolewa kwa mchezo mzima bila ya mtu wa kumbadili. Timu iliyofanya makosa matatu mfululizo ilimpa mpinzani goli. Kwa hiyo kujitawala kulikuwa na thamani inayohesabika katika matokeo ya mchezo wenyewe. Swali la Montreal lilikuwa limepewa umbo la kanuni.

5.0 Kuenea kwa Mchezo

Wahitimu wa Springfield walitawanyika pamoja na mchezo wao. Mwezi Desemba 1893 ulichezwa Paris, na mwaka 1895 ukafika Tianjin nchini China. Wanawake nao hawakubaki nyuma. Walimu wa kike wa shule iliyokuwa jirani na chuo waliomba kufundishwa, na mmoja wa wachezaji wa mwanzo alikuwa Maude Sherman, aliyeolewa na Naismith tarehe 20 Juni 1894. Katika Chuo cha Smith, kisicho mbali na Springfield, mwalimu Senda Berenson aliurekebisha mchezo kwa ajili ya wanafunzi wake wa kike.

Kuenea huko kulileta shida ambayo mbunifu hakuitarajia. Mchezo uliobuniwa ili kuepuka ukali ulianza kuwa mkali. Watazamaji waliokaa roshani walinyoosha mikono kuusaidia au kuuzuia mpira, na hii ni miongoni mwa sababu za kuwekwa ubao nyuma ya kikapu. Baadhi ya matawi ya YMCA yalilalamika kwamba watu kumi waliokuwa wakicheza waliwanyima nafasi ya mazoezi watu hamsini, na mengine yaliupiga mchezo marufuku. Mapema hivyo, katika muongo wake wa kwanza, lilikwisha kujitokeza pengo kati ya mchezo kama somo na mchezo kama shindano.

6.0 Denver na Kansas: Tabibu na Mwalimu

Mwaka 1895 Naismith alihamia Denver, jimbo la Colorado, akawa mkuu wa elimu ya viungo katika tawi la YMCA huku akisomea udaktari wa tiba katika Chuo cha Tiba cha Gross. Alihitimu mwaka 1898. Uamuzi huo unafahamika vyema ukiwekwa katika muktadha wa taaluma yake. Hitchcock, Sargent, Gulick na McKenzie wote walikuwa na mafunzo ya utabibu, kwa kuwa ilikubalika wakati ule kwamba anayeagiza mazoezi ni sawa na anayeagiza dawa: sharti aujue mwili.

Mwaka huohuo wa 1898 Chuo Kikuu cha Kansas, katika mji wa Lawrence, kilikuwa kikitafuta mtu wa kuongoza elimu ya viungo na pia ibada za asubuhi katika kanisa dogo la chuo. Naismith, aliyesomea theolojia na utabibu na kufundisha mazoezi, alipendekezwa na mwenzake wa Springfield, Amos Alonzo Stagg, aliyekuwa Chicago wakati huo. Alikwenda Lawrence, akabaki huko hadi mwisho wa maisha yake.

Kazi yake Kansas ilikuwa pana kuliko inavyokumbukwa. Alifundisha mazoezi, usafi na kanuni za afya, aliwashauri wanafunzi wagonjwa, na alishughulikia uchunguzi na upimaji wa miili yao. Kitabu chake juu ya chuo cha kisasa kilitoka mwaka 1911, na kingine juu ya maisha safi mwaka 1918. Mwaka 1916 alibarikiwa kuwa mchungaji na kufuatana na kikosi cha jeshi cha Kansas hadi mpaka wa Meksiko kama kasisi. Kuanzia mwaka 1917 hadi 1919 alikuwa Ufaransa chini ya YMCA, akiwafundisha askari juu ya afya na mwenendo. Alichukua uraia wa Marekani mwaka 1925. Nyumbani, yeye na mkewe walilea watoto watano. Maude alipoteza uwezo wa kusikia kutokana na homa ya matumbo, ugonjwa uleule uliokuwa umemwachia mumewe uyatima.

Katika upande wa utafiti pana jambo la kujadiliwa. Naismith aliorodhesha sifa ambazo aliamini mpira wa kikapu unazijenga: wepesi, shabaha, uangalifu, ushirikiano, ustadi, uamuzi wa haraka, moyo wa kuanzisha mambo, kujiamini, kujitolea kwa ajili ya wenzake, kujitawala na uungwana. Sifa za mwanzo zinaweza kupimwa kwa vyombo. Zile za mwisho haziwezi kwa urahisi. Naismith aliishi katika zama zilizojua kupima kifua na mapafu, lakini imani yake kuu ilihusu mambo ambayo kamba ya kupimia haiyafikii. Hakuacha jaribio lolote linalothibitisha kwamba aliyecheza chini ya kanuni zake alitoka na tabia bora kuliko asiyecheza. Ushahidi aliouamini ulikuwa ule wa mwalimu anayewatazama wanafunzi wake mwaka hadi mwaka. Upungufu huo haukuwa wake peke yake, kwa kuwa taaluma ya elimu ya viungo iliurithi na kuendelea kuhangaika nao muda mrefu baada yake.

7.0 Mwalimu na Kocha

Naismith ndiye aliyekuwa kocha wa kwanza wa mpira wa kikapu katika Chuo Kikuu cha Kansas, kuanzia msimu wa 1898 hadi 1907. Timu zake zilishinda michezo 55 na kushindwa 60. Katika orodha ndefu ya makocha wa chuo hicho, ambacho baadaye kilipata sifa kubwa katika mchezo huo, ni yeye peke yake aliyemaliza na idadi ya kushindwa inayozidi ya kushinda. Jambo hilo husimuliwa mara kwa mara kama kichekesho.

Ukilitazama kwa makini, si kichekesho. Naismith hakuuona ukocha kuwa kazi yenyewe. Mara nyingine alikuwa mwamuzi katika michezo ya timu yake mwenyewe, jambo lisilowezekana kwa mtu aliyetanguliza ushindi. Mwanafunzi wake Forrest Allen, aliyejulikana kwa jina la Phog, alipoitwa kwenda kuifundisha timu ya chuo kingine, Naismith alimwambia kwamba mpira wa kikapu haufundishwi na kocha, unachezwa tu. Allen hakukubali. Alimrithi mwalimu wake mwaka 1907, akaondoka, akarudi mwaka 1919 na kubaki hadi 1956, akafikisha ushindi wa michezo 590 kwa ajili ya Kansas. Wanafunzi wa Allen nao wakawa makocha mashuhuri. Ukocha kama taaluma katika mchezo huo ulianza kwa mwanafunzi aliyempinga mwalimu wake, na mwalimu akaendelea kufanya kazi karibu naye katika chuo kimoja kwa miaka mingi.

Tofauti yao haikuwa ya watu wawili tu. Allen alijibu mahitaji ya vyuo vilivyokuwa vikijenga majina yao kwa timu chache zenye wachezaji hodari. Naismith aliendelea kuuliza wanafunzi wangapi wanacheza, hata walio wabovu wa mchezo. Hata kanuni zilipobadilishwa mwaka 1937 ili mpira usirushwe tena katikati ya uwanja kila baada ya goli, hakupendezwa.

8.0 Mwanafunzi Aliyefungiwa Mlango

Kipimo cha Naismith kilijaribiwa kwa uzito zaidi mwaka 1933, alipofika chuoni John McLendon, kijana Mwamerika Mweusi aliyezaliwa mwaka 1915 katika mji wa Hiawatha, Kansas. McLendon alitaka kuwa mwalimu wa elimu ya viungo na kocha. Wakati huo timu ya mpira wa kikapu ya chuo haikuwa na nafasi kwa wachezaji Weusi. Kijana huyo alisoma taaluma ya mchezo katika chuo cha mbunifu wake, lakini hakuruhusiwa kuuchezea chuo hicho.

Naismith alikubali kuwa mshauri wake wa masomo. Alihakikisha kwamba anapata mafunzo ya vitendo katika shule za huko na kwamba hatimizi masharti machache kuliko wenzake wala mengi kuliko wao. Palipotokea upinzani dhidi ya McLendon kuogelea katika bwawa lililotumiwa na wanafunzi Weupe, ilhali kuogelea kulikuwa sharti la shahada, mwalimu alisimama upande wa mwanafunzi. McLendon alihitimu mwaka 1936, na Naismith alimsaidia kupata nafasi ya shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Iowa.

Haitakuwa haki kulikuza jambo hili kupita kiasi. Naismith, mtu aliyeheshimiwa na kila mmoja chuoni, hakuuvunja ubaguzi wa timu. Mwanafunzi wake alifika na kuondoka bila kuvaa sare ya Kansas. Hapa ndipo imani kwamba uwanja hulea tabia njema inapokutana na swali gumu: ni tabia gani inayolelewa na uwanja ambao baadhi ya vijana hawaruhusiwi kuuingia? Maisha ya Naismith hayatoi jibu kamili la swali hilo. Yanachoonyesha ni kwamba pale alipokuwa na mamlaka, yaani darasani, alimtendea mwanafunzi huyo kama mwalimu anavyopaswa.

Matunda ya malezi hayo yalionekana baada ya kifo chake. Tarehe 12 Machi 1944, mjini Durham, North Carolina, McLendon aliiongoza timu ya chuo cha Weusi katika mchezo wa siri dhidi ya timu ya Weupe kutoka shule ya utabibu ya Chuo Kikuu cha Duke, kinyume cha desturi na sheria za ubaguzi za jimbo hilo. Timu yake ilishinda kwa 88 kwa 44. Baadaye, kuanzia mwaka 1957 hadi 1959, alishinda ubingwa wa kitaifa wa vyuo vidogo mara tatu mfululizo akiwa na chuo cha Tennessee State. Allen na McLendon, wote wawili, walipitia mikononi mwa mwalimu aliyehesabiwa kuwa kocha dhaifu.

9.0 Berlin na Miaka ya Mwisho

Mwaka 1936 mpira wa kikapu uliingizwa rasmi katika Michezo ya Olimpiki ya Berlin. Mbunifu wake, ambaye hakuwahi kuugeuza mchezo huo kuwa chanzo cha utajiri, hakuwa na fedha za safari. Makocha wa Marekani, Allen akiwa mstari wa mbele, walichangisha sehemu ya mapato ya michezo ya Februari mwaka huo ili aweze kwenda. Aliona bendera za mataifa yaliyojifunza mchezo uliokuwa na umri wa miaka 44 tu. Fainali ilichezwa nje, kwenye uwanja wa udongo uliolowa mvua kiasi kwamba mpira haukuweza kudunda. Marekani, nchi aliyoichagua, iliishinda Kanada, nchi aliyozaliwa, kwa 19 kwa 8. Meksiko ikawa ya tatu. Naismith aliwakabidhi washindi nishani zao.

Maude alifariki mwezi Machi 1937, na mwaka huohuo Naismith alistaafu. Mwaka 1939 alioa tena, kwa Florence Kincaid. Tarehe 28 Novemba 1939 alifariki Lawrence kwa kuvuja damu katika ubongo, akiwa na umri wa miaka 78. Kitabu chake juu ya asili na maendeleo ya mpira wa kikapu kilichapishwa mwaka 1941. Ukumbi wa kuwaenzi watu mashuhuri wa mchezo huo, wenye jina lake, ulianzishwa mwaka 1959 na kufunguliwa Springfield mwaka 1968. Mwezi Desemba 2010 karatasi mbili zenye kanuni 13 za asili ziliuzwa mnadani kwa dola za Marekani zipatazo milioni 4.3, zikapelekwa Chuo Kikuu cha Kansas. Thamani ya karatasi hizo inazidi kwa mbali chochote alichopata mwandishi wake kwa kufundisha maisha yake yote.

10.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuyatazama maisha ya James Naismith kutoka upande wa darasa. Imeonekana kwamba mpira wa kikapu ulitokana na mwalimu aliyekataa kuwalaumu wanafunzi wake, akayachambua mazoezi aliyopewa kuwafundisha, na kuweka katika kanuni imani yake kwamba mchezo unaweza kumlea mtu. Imeonekana pia kwamba imani hiyo hakuithibitisha kwa vipimo, na kwamba katika suala la ubaguzi hatua yake iliishia mlangoni mwa darasa lake.

Kwa kipimo cha ushindi, Naismith alikuwa kocha wa michezo 55 dhidi ya 60. Kwa kipimo alichojiwekea mwenyewe, hesabu yake haijafungwa, kwa sababu inategemea kila mwalimu anayeingia uwanjani na mpira mmoja na wanafunzi wengi. Mwalimu wa shule ya msingi anayepigilia duara la chuma kwenye mti, katika nchi ambazo Naismith hakupata kuzifikia, anarudia tendo la Desemba 1891; na wanafunzi wake wanapoliita duara hilo kikapu, wanatumia neno lililotoka moja kwa moja katika ukumbi wa Springfield.